Kabla hujalipia kiwanja Pemba

Jamani, Pemba ni vilima na mabonde, na kiwanja cha bei nafuu mara nyingi kiko bondeni. Kiangazi pakavu, panapendeza. Kakitazameni masika, kati ya Machi na Mei, asubuhi baada ya mvua kubwa. Tazameni kuta za majirani: mstari wa tope ndipo maji yalipofika. Kisha waulizeni kina mama wanaolima mpunga hapo chini, wanaujua mkondo kuliko dalali yeyote. Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, piteni kabla ya kutoa pesa, mjue eneo ni la makaazi au la kilimo. Chimbeni kidogo pia. Mkikuta udongo mweusi unaonata, shimo la choo linaweza kujaa maji na uchafu ukaingia visimani mwa watu.