Farasi anakonda na kunywa maji kupita kiasi? Fikiria figo

Farasi akikonda, kitu cha kwanza kinachofikiriwa ni minyoo au meno. Ni sawa kuanza hapo. Lakini akikonda huku ndoo ya maji ikiisha kila mara, figo zichunguzwe mapema.

Farasi mzima wa kilo 500 hunywa takriban lita 25 kwa siku. Joto na kazi huongeza kiasi hicho. Mfungie peke yake, mpe maji kwa ndoo zenye alama za lita, andika anachokunywa kwa saa 24. Akifikia lita 50, mwite daktari wa mifugo. Kwa poni, kadiria kwa uzito wake. Poni mzee anaweza pia kunywa hivyo kwa sababu ya ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo, kwa hiyo usijiamulie mwenyewe.

Tazama na mkojo. Mkojo wa farasi mwenye afya kwa kawaida huwa na ukungu na utelezi, maana una chembe za kalsiamu na ute. Ukitoka mwingi na mwangavu kama maji kila siku, tia shaka. Dalili nyingine ni kukosa hamu ya kula, ukoga mwingi kwenye meno na uvimbe chini ya tumbo.

Omba mkojo upimwe pamoja na damu. Kreatinini (taka ya mwili inayochujwa na figo) kwenye damu hupanda pale ambapo takriban robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea, kwa hiyo majibu mazuri ya damu peke yake yasikutulize.

Figo zilizokufa hazifufuki, ila farasi anaweza kuishi vizuri kwa muda akitunzwa. Usimnyime maji kamwe, hata kama banda linalowa. Mpe nyasi nzuri na umpunguzie lusini (alfalfa): ina kalsiamu na protini nyingi, na kalsiamu ya ziada kwa farasi hutolewa na figo hizohizo. Mafuta ya kula kidogo kidogo humwongezea nguvu. Chumvi mpe, ila akivimba muulize daktari kwanza.

Kinachonihuzunisha zaidi ni figo zinazoharibiwa na dawa. Fenilbutazoni na fluniksini (dawa za maumivu) na jentamisini (antibiotiki) ni hatari kwa farasi aliyepungukiwa maji, mathalani anayeharisha au aliyetoka jasho jingi. Anyweshwe kwanza, au atundikiwe dripu, ndipo daktari aamue dawa na kipimo. Wala usimpe dawa mbili za maumivu za aina ya fenilbutazoni na fluniksini kwa pamoja.