Kuchagua spika za roki zitakazodumu: hatua ninazozifuata mimi

Mwezi uliopita rafiki yangu aliniletea spika zake nizitazame. Alizinunua mpya, za bei ya juu kweli kweli, na hazikuwa zimemaliza miaka minne. Twita ya kushoto, ile spika ndogo ya sauti za juu, imekufa; woofa ya kulia, ile kubwa ya besi, inakwaruza. Yeye si mtu wa fujo wala hafanyi sherehe nyumbani. Anapenda roki nzito tu, saa mbili au tatu kila jioni. Nilipomuuliza alizijaribuje kabla ya kununua, akasema muuzaji alimwekea piano na mwanamama anayeimba taratibu, akavutiwa. Zilikuwa spika nzuri, ila hazikuwa za kazi hiyo.

Tulikaa siku nzima tukimchagulia nyingine. Mimi ni fundi wa spika, kwa hiyo ninazijua zaidi kwa namna zinavyokufa, na hatua hizi zimetokana na huko.

Kwanza, kinachoziua

Ni joto. Spika yenye unyeti wa desibeli 92 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti; unyeti nitaueleza Hatua ya 1) hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Karibu wote uliobaki huwa joto, na sehemu kubwa yake huishia kwenye koili, ule uzi mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni, yaani sehemu ya mbele inayotikisika na kutoa sauti. Muziki wa okestra hupanda ghafla kisha ukatulia, koili ikapata nafasi ya kupoa. Roki haitoi nafasi hiyo: magitaa yenye distoshen hayana pumziko, dramu hazikomi, na rekodi nyingi zimebanwa hadi wastani wa sauti ukakaribia kilele chake. Koili huchemka wimbo mzima. Shaba ikipata joto, upinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 4 kila nyuzi 10 za Selsiasi. Koili ikipanda nyuzi 100, upinzani umeongezeka kwa karibu asilimia 40, sauti imefifia, nawe bila kujua unaongeza volyumu. Joto linazidi, gundi inalegea, uzi unaachia.

Kwa hiyo natafuta spika ambayo sauti unayoipenda wewe kila siku, kwake ni kazi nyepesi. Hatua zote zilizobaki zinaanzia hapo.

Hatua ya 1: Soma unyeti kabla ya kusoma wati

Wati zilizoandikwa nyuma ya boksi usizitazame kwanza. Tazama unyeti, yaani desibeli ngapi zinapatikana umbali wa mita 1 ukiipa spika volti 2.83. Kila desibeli 3 unazokosa, unazilipa kwa kuongeza wati mara mbili. Spika ya desibeli 95 inayohitaji wati 8 kukupa sauti yako, ile ya desibeli 86 itataka wati 64 kutoa sauti ileile. Joto nalo linafuata hesabu hiyohiyo.

Kuna mtego hapa. Volti 2.83 ni wati 1 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme), lakini kwenye spika ya omu 4 ni wati 2. Ukilinganisha hizo mbili, ya omu 4 ipunguzie desibeli 3 ndipo zisimame sawa.

Kwa roki sishuki chini ya desibeli 90. Spika ndogo za desibeli 83 au 84 zina sauti tamu, nami ninazo mbili, lakini sizipigii muziki wa namna hiyo.

Hatua ya 2: Woofa kubwa

Ninapendelea inchi 10 au 12, na sioni aibu kusema hivyo ingawa siku hizi spika nyembamba ndizo zinazopendeza sebuleni. Uzi mzito wa gitaa la besi hutoa hezi 41 (mitikisiko 41 kwa sekunde), na besi ya nyuzi 5 hushuka hadi karibu hezi 31. Ukishuka oktavo moja, yaani hezi zikipungua kwa nusu, spika inapaswa kusukuma hewa mara 4 ili sauti ibaki na nguvu ileile. Woofa ya inchi 12 ina eneo karibu mara 4 ya ile ya inchi 6, kwa hiyo inapata hewa hiyo kwa mwendo mfupi. Koni inayosafiri kidogo haichoshi ukingo wake.

Boksi lililozibwa au lenye tundu? Yote mawili yanafaa. Lenye tundu hutoa besi zaidi, ila chini ya masafa ya tundu lake koni hubaki bila breki ya hewa na inaweza kurukaruka hadi ikagonga. Kama unasikiliza santuri, hilo ni jambo la kuzingatia, maana santuri iliyopinda huitikisa woofa kwa masafa ambayo sikio halisikii.

Hatua ya 3: Ukingo na koili (usiiharakishe hata kidogo)

Hapa nitakaa, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza usiku tatu.

Nilinunua jozi ya spika kubwa zilizotumika. Zilikuwa safi na ukingo mpya kabisa. Nikazipiga kama dakika kumi, hazina kasoro, nikazibeba. Nyumbani, baada ya nyimbo sita au saba, dramu ya mguu ikaanza kuwa na mkwaruzo kama karatasi inayosuguliwa. Nikadhani ni amplifaya, nikaleta nyingine: mkwaruzo upo. Nikabadilisha waya. Nikafungua krosova, ule mzunguko unaogawa sauti kati ya woofa na twita, na kubadilisha kapasita zote. Asubuhi nikiiwasha ni nzima, usiku inakwaruza tena. Usiku wa tatu ndipo nilipogundua kwamba aliyebandika ukingo mpya hakuiweka koni katikati. Koili ilikuwa imeegemea upande mmoja, na ikiwa baridi ilipita bila kugusa. Ikipata joto hutanuka kidogo, na hapo ndipo ilipoanza kusugua chuma.

Basi fanya hivi, hata muuzaji akichoka kukusubiri.

Ondoa kitambaa cha mbele, uwashe tochi. Ukingo ni ile pete laini inayoishika koni kwenye fremu. Kuna aina tatu utakazokutana nazo.

Sponji ni nyepesi na ina sauti nzuri, lakini huoza. Unyevu wa hewa na mwanga huivunja ndani ya miaka 10 hadi 20, na huoza hata kama spika imekaa stoo bila kupigwa. Iguse kwa ncha ya kidole: ikinata, ikibaki na alama au ikatoa unga, imekwisha. Mpira hukaa miongo kadhaa. Adui wake ni kukauka, kwa hiyo tazama nyufa ndogo kwenye mkunjo na uhakikishe bado unanyumbulika. Kitambaa cha mikunjo kilichopakwa dawa ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Spika za JBL L100 zilizotoka mwaka 1970 zina ukingo wa kitambaa, na woofa zake za awali bado huja mezani kwangu zikiwa na ukingo uleule wa kiwandani.

Sponji iliyobadilishwa si sababu ya kukataa spika. Nimebadilisha nyingi na zinafanya kazi vizuri. Ila kagua kazi ya aliyebadilisha. Gundi iliyomwagika ni dalili mbaya, na ukingo uliopanda juu upande mmoja ni dalili mbaya zaidi. Kofia mpya katikati ya koni huwatisha watu, lakini mara nyingi ni ishara njema: fundi makini hukata kofia ya zamani ili apenyeze vipande vya karatasi kuzunguka koili, abandike ukingo koni ikiwa katikati kabisa, kisha avitoe na kuweka kofia nyingine. Jozi iliyonitesa mimi ilikuwa na kofia zake za zamani.

Sasa bonyeza koni. Tumia vidole vya mikono yote miwili, uvipange kuzunguka kofia kwa nafasi sawa, sukuma polepole kama milimita 5 na uweke sikio karibu. Usisukume upande mmoja, maana hata spika nzima itasugua ukifanya hivyo, na utaiacha bure. Koni inatakiwa ishuke na kurudi kimya.

Jaribio hilo peke yake halitoshi. Spika yangu ililifaulu. Kwa hiyo piga muziki kwa sauti unayosikilizia kweli kwa nusu saa nzima, kisha, koili ikiwa bado ya moto, punguza volyumu na uweke mlio mtupu wa hezi 60, uteremke taratibu hadi hezi 30. Simu yenye programu ya kutoa milio inatosha. Mlio mtupu hauna gitaa la kuficha kasoro. Koili ikigusa utasikia mkwaruzo juu ya mlio. Kwenye boksi lenye tundu tumia volyumu ndogo sana ukishuka chini, na kama koni inaruka kwa mwendo mrefu, acha mara moja.

Mwisho chukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Woofa ya omu 8 husomeka kati ya 5.5 na 7 hivi, kwa sababu multimita hupima upinzani wa uzi tu. Linganisha kushoto na kulia: ziwe karibu sawa. Twita huwezi kuipima kutoka kwenye terminali za nyuma, kwani kapasita ya krosova huzuia umeme wa multimita. Mpaka uichomoe waya mmoja. Nimeona watu wakitupa twita nzima kwa kutolijua hili.

Ukinunua mpya, maswali ni mawili: ukingo ni wa kitu gani, na je, kiwanda kinauza woofa na twita kama vipuri? Kampuni ya Klipsch inaiendeleza spika yake ya Klipschorn tangu 1946, na ile ya Heresy tangu 1957. Toleo linalodumu namna hiyo lina watu wengi wanaolitunza, na hilo linanipa moyo kuliko maneno yoyote ya tangazo.

Hatua ya 4: Omu na amplifaya

Kwa kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, spika iliyoandikwa omu 8 haitakiwi kushuka chini ya 6.4 katika masafa inayoyacheza. Zipo zinazoshuka zaidi ya hapo. Tafuta vipimo vilivyochorwa kwa mstari kamili, na kama inagusa omu 3 kwenye besi, hakikisha amplifaya yako imetengenezwa kubeba omu 4 bila kuzima.

Twita ya rafiki yangu iliuawa na amplifaya ndogo. Amplifaya ikizidiwa, hukata vilele vya mawimbi. Wimbi lililokatwa hadi likawa mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini la kimo kilekile, na huongeza milio ya juu ambayo krosova inaipeleka moja kwa moja kwa twita. Ukisikia sauti imekuwa kali na chafu, punguza papo hapo. Kwa spika ya desibeli 92 sebuleni, ninapenda amplifaya ya wati 80 hadi 100 kila upande, isiyofunguliwa zaidi ya nusu.

Hatua ya 5: Sikiliza kwa rekodi zako

Beba nyimbo unazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Sikiliza kwa volyumu ya nyumbani kwako, kwa sababu masikio yetu husikia besi vibaya sauti ikiwa ndogo. Watafiti Fletcher na Munson walilichora jambo hilo mwaka 1933 na halijabadilika. Ukilinganisha jozi mbili, zilinganishe sauti kwanza kwa kipimo cha simu. Iliyozidi hata desibeli 1 itaonekana bora bila sababu.

Nasikiliza mambo mawili tu. Besi na dramu ya mguu zikigonga pamoja, je, nasikia vitu viwili au bonge moja? Na magitaa mawili yakiwa kushoto na kulia, baada ya dakika arobaini masikio yamechoka? Spika inayong'aa sana kati ya hezi 2,000 na 4,000 husisimua dukani, ila ukifika albamu ya pili unatamani kuizima.

Hatua ya 6: Waya

Shaba ya milimita 2.5 za mraba. Pesa iliyobaki iweke kwenye spika.

Hatua ya 7: Kuziweka

Anza na nusu mita kutoka ukutani, twita zikiwa usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Pembe za chumba huvimbisha besi, kwa hiyo zikwepe, isipokuwa kwa spika zilizoundwa kukaa pembeni kama hiyo Klipschorn. Chumba chenye urefu wa mita 5 huitikia kwa nguvu karibu na hezi 34, pale pale besi ya nyuzi 5 inapofika. Noti moja ikivuma kuliko wenzake, sogeza kiti chako kwanza, sentimita 10 kwa 10, kabla hujaanza kuilaumu spika.

Siku ya kwanza, pima upinzani wa kila woofa, andika namba na tarehe kwenye karatasi, uibandike chini ya boksi. Mwaka ukipita, zipime tena zikiwa baridi na urudie mlio mtupu wa hatua ya 3. Namba ikiwa imehama, au mlio ukiwa na mkwaruzo, ita fundi wakati koili bado inaweza kuokolewa.