Jinsi ya kufufua jabia bovu kabla masika haijaingia

Kwetu visiwani Lamu, Ndau na Kiwayu huko, mvua ndo maji ya kunywa, manake ukichimba kisima mara nyingi unakutana na chumvi. Jabia, yaani tangi la kuwekea maji ya mvua pamoja na sakafu yake ya kuyakingia, likipasuka likaachwa kijiji kizima kinabaki kununua maji ya madumu yanayokuja na boti, na inauma kwa sababu mengi ya haya majabia yaliyotupwa yanatengenezeka na mafundi wetu wenyewe.

Anzeni Januari, maji yakiwa yameisha, msingoje mawingu ya Aprili. Na tafadhali mtu asikimbilie kushuka ndani. Fungueni mifuniko yote hewa ipite kutwa nzima, kisha anayeshuka afungwe kamba na wenzake wakae juu wakimuangalia, tangi lililofungwa muda mrefu hewa yake inaweza kuua na hata harufu husikii. Tope lote litoke.

Sasa wengi wanashughulika na tangi tu, kumbe tatizo liko juu, kwenye sakafu ya kukingia mvua. Piga hesabu, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivyo sakafu ya mita 20 kwa 15 ikipata milimita 500 msimu mzima ni lita 150,000, toa moja ya tano ya kupotea zinabaki 120,000. Hiyo ni kama sakafu ni nzima. Ikiwa imejaa nyufa na majani yameota, maji yanaishia ardhini na tangi zuri linabaki tupu. Ng'oeni majani na mizizi yake, halafu mwageni ndoo ya maji muone yanaelekea wapi, pakituama hapo painuliwe.

Ufa usipakwe simiti juu juu. Upanue kwa tindo na nyundo, sugua kwa burashi ya waya, lowesha, ndo ujaze simiti moja kwa mchanga tatu pamoja na dawa ya kuzuia maji. Mchanga wa ufuoni hapana, chumvi yake inakula vyuma na plasta inabanduka. Vile vilima vya mchanga vya Shela pia viacheni kabisa, chini yake ndo kuna maji matamu yanayonywesha mji wa Lamu. Agizeni mchanga wa bara uje na jahazi, gharama yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Plasta ikishapigwa funikeni kwa magunia na muyaloweshe siku 7, najua maji yenyewe ni ya kununua lakini mkiruka hapa itapasuka tena.

Mvua ya kwanza ioshe sakafu na imwagwe nje. Inayofuata ipite kwenye wavu iingie, weka alama ya mkaa kwenye ukuta usiku, asubuhi kama hakujanyesha na maji yameshuka basi kuna ufa umebaki. Klorini ya unga ya asilimia 65 gramu 30 hivi zinatosha lita 10,000, korogeni kwanza kwenye ndoo. Wale samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, kama wa kwenye mabirika ya misikiti, wasitiwe mpaka klorini iishe nguvu.

Zungusheni ua mbuzi na punda wasipite juu, na kila mwaka kamati iweke kando pesa ya magunia mawili ya simiti ya kuziba nyufa zikiwa bado changa.