Jinsi ya Kuomba Kibali cha Utafiti wa Modeli za Seli Uganda

Watafiti wa baada ya uzamivu wanaotengeneza modeli za hisabati, yaani milinganyo inayoiga mwenendo wa seli, hudhani kibali hakiwahusu kwa kuwa hawashiki sindano. Kinawahusu. Namba zikitoka kwenye damu ya mgonjwa, hata iliyotolewa zamani na mtu mwingine, zinahitajika idhini mbili zinazofuatana: ya Kamati ya Maadili ya Utafiti, kisha ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST).

Anza na barua ya taasisi itakayokupokea; anayetoka nje ya Uganda asiguse lingine kabla ya hiyo. Ongeza wasifu, cheti cha mafunzo ya kulinda washiriki, bajeti na ratiba, upakie vyote kwenye NRIMS, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya utafiti, pamoja na risiti ya ada.

Kazi hasa iko kwenye andiko, yaani maelezo ya mpango wako wa utafiti. Wanakamati wengi si wanahisabati, kwa hiyo chini ya kila mlinganyo eleza kwa maneno unasema nini. Chukua malaria: Plasmodium falciparum hukaa ndani ya seli nyekundu saa 48 hivi, kisha seli hupasuka. Ukipima damu saa 0 na saa 48 tu, huwezi kukadiria modeli yenye vigezo sita, yaani namba sita zisizojulikana ndani ya milinganyo. Kasi ya kuambukiza na kasi ya vimelea kufa hufidiana, na mistari mingi tofauti ya grafu hupita kwenye nukta zile zile mbili. Mtoto mgonjwa aliyetolewa damu atakuwa ametobolewa bure, na kamati ina haki ya kukataa. Jaribu modeli kwanza kwa data ya kubuni, isiyotoka kwa mgonjwa, uone vipimo vingapi vinatosha, ndipo uombe idadi hiyo. Weka jedwali la vigezo lenye vizio (vipimo kama saa au siku). Saa zikichukuliwa kuwa siku, kasi hukosewa mara 24.

Kwa data za zamani, soma fomu ya ridhaa ya awali. Ikiwa haikuruhusu matumizi mengine, iombe kamati ikuruhusu kutumia data bila kuchukua ridhaa mpya, ukieleza majina yatakavyoondolewa. Kwa sampuli mpya, fomu iwe kwa lugha ya wagonjwa: Kiganda Kampala, Kiacholi Gulu. Damu ikivuka mpaka, andaa mkataba wa kuhamisha sampuli.

Maombi mengi hurudishwa kwa dogo: andiko ni toleo 1.2, fomu ya ridhaa bado 1.0. Hoja za kamati zijibu moja moja, ukitaja ukurasa uliorekebisha. Idhini ya kamati kwa kawaida hudumu mwaka mmoja. Omba kuihuisha kabla haijaisha.