Seva tatu za etcd: kuziunganisha zisianguke wala kuingiliwa

Anza na idadi. etcd, hifadhidata inayotunza data ileile kwenye seva kadhaa (pamoja huitwa klasta), haikubali badiliko lolote mpaka akidi itimie, yaani zaidi ya nusu ya seva. Tatu zinastahimili kufa kwa moja, tano kufa kwa mbili. Nne ni hasara tupu: akidi inapanda kuwa tatu, na bado unaruhusiwa kupoteza moja tu.

Diski ndiyo ya kuogopa. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye diski ndipo likubaliwe. Kwa kawaida kiongozi, yaani seva moja inayoratibu mabadiliko, hutuma ishara ya uhai kila milisekunde 100; wafuasi, yaani seva zilizobaki, wakikaa kama milisekunde 1,000 bila kumsikia, wanaitisha uchaguzi wa kiongozi mpya. Diski ikikwama, viongozi watabadilika ovyo na maombi yatakatika. Weka SSD isiyotumiwa na hifadhidata nyingine, na fuatilia kipimo cha etcd_disk_wal_fsync_duration_seconds, kinachoonyesha muda wa kuandika kwenye diski: asilimia 99 ya maandishi yamalizike chini ya milisekunde 10.

Mlango 2379 ni wa wateja, 2380 ni wa seva zenyewe kwa zenyewe. Yote miwili idai vyeti vya TLS, vinavyothibitisha utambulisho na kusimba mawasiliano: washa --client-cert-auth na --peer-client-cert-auth. Vyeti vikiisha muda siku moja, klasta nzima inanyamaza.

Chukua nakala kwa etcdctl snapshot save, ihifadhi nje ya klasta, na ujaribu kuirejesha.

Seva moja ikifa, iondoe kwanza kwa etcdctl member remove, ndipo uongeze mpya. Ukianza kuongeza, seva zinahesabiwa nne, hivyo akidi inakuwa tatu ilhali zilizo hai ni mbili, na mpya ikikosewa usanidi, umekwama.