Mapitio ya urubani ndani ya ndege usiyoizoea: namna ninavyoyapanga

Ukiwa na leseni ya FAA, ile mamlaka ya anga ya Marekani, kanuni 61.56 inakufuata popote: kila miezi 24 ya kalenda ukae na mkufunzi kwa mapitio ya urubani, angalau saa 1 ya mafunzo chini na saa 1 angani, la sivyo huruhusiwi kuwa rubani mkuu. Wengi huimaliza saa hiyo kwenye Cessna 172, ndege ya viti vinne, ileile waliyojifunzia, kona zilezile, kutua kulekule. Nafundisha Denton, kaskazini mwa Dallas, na sehemu kubwa ya wanaonijia ni wenzetu waliokuja kusomea urubani wakabaki. Ushauri wangu kwao haubadiliki: tumieni mapitio hayo kujifunza ndege mpya. Kanuni inataka tu iwe ndege ya daraja lililomo kwenye leseni yako, na sahihi utakayopata itakufaa kwa ndege zote unazoruhusiwa kurusha.

Nitaeleza kwa ndege ninayoifundishia mara nyingi, yaani ile midogo ya viti viwili yenye injini ya Rotax 912. Aliyezoea 172 anaiona kama mdogo wake, na hapo ndipo ninapotaka awe macho.

Kwanza tarehe. Mapitio yaliyofanyika Machi 10, 2025 yanadumu mpaka Machi 31, 2027. Usimtafute mkufunzi wiki ya mwisho ya Machi. Anza miezi miwili kabla, kwa sababu mambo mawili hayaenei katika saa 1 ya angani. Saa 1 ni kiwango cha chini cha kisheria, na mimi huwaambia watu mapema watenge siku mbili: siku ya kwanza tunaijua ndege, ya pili tunafanya mapitio yenyewe tukiwa ndani yake. Ukipiga simu kwa mkufunzi, mwambie wazi kwamba unataka yote mawili. Akikubali kuyamaliza yote kwa saa 1 bila hata kukuuliza mara ya mwisho umeruka lini, tafuta mwingine.

Kabla hujaja, omba kitabu cha ndege hiyo, chenye namba yake ya usajili, ukisome nyumbani. Andika kwa mkono wako kasi ya kupandia, kasi ya kuteleza injini ikizima, kasi ya kujia kutua, na kasi ambayo bawa linakata unyanyuo, yaani linaacha kuibeba ndege, flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa) zikiwa juu na zikiwa chini. Ukija na karatasi hiyo, saa ya darasani inakuwa mazungumzo. Nusu yake tunapitia sehemu ya 91 ya kanuni, zile sheria za jumla za kurusha ndege, maana ni lazima, na nusu tunapiga hesabu za ndege.

Hesabu ya uzito ndiyo inayowashangaza watu. Chukua ndege yenye uzito wa juu wa ratili 1,320, na ikiwa tupu ina ratili 800. Zinabaki 520. Wewe ratili 200, mimi 190, zimebaki 130. Galoni moja ya petroli ni ratili 6, kwa hiyo tunaweza kubeba galoni 21 na ushee, bila begi hata moja. Kwenye 172 watu wawili hujaza matangi bila kuwaza. Hapa unawaza kila safari.

Halafu tunatoka kwenda kuikagua, na hapa sina haraka hata kidogo. Kwenye injini ya Lycoming, kama ile ya 172, unachomoa kijiti, unasoma oili, basi. Rotax 912 inaweka oili yake kwenye tanki la pembeni, na ikikaa, sehemu ya oili hushukia ndani ya injini. Ukisoma kijiti hapo utadhani imepungua, uongeze, uharibu. Hakikisha swichi za moto, yaani za cheche za plagi, zimezimwa, fungua kifuniko cha tanki, kisha zungusha pangaboi kwa mkono, polepole, kuelekea upande inaozungukia kwa kawaida. Usiirudishe nyuma kamwe. Endelea mpaka usikie tanki likibubujika, kama mtu anayesukutua maji kooni. Mlio huo ndio unaokwambia oili imerudi. Sasa soma kijiti. Mwanafunzi wangu mmoja, mzee wa Mombasa aliyerusha Cessna miaka mingi, aliinamisha sikio pale tankini akaniuliza, “Mwalimu, kila safari hivi?” Nikamjibu, “Kila siku kabla ya safari ya kwanza, mzee, na mimi nikiwepo au nisiwepo.”

Kuwasha nako kuna mapya. Hakuna mkono wa kurekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kabureta zinajirekebisha zenyewe kadiri unavyopanda, na kukiwa na baridi unatumia choki. Kuzima ni kwa swichi za moto. Usiipime injini kwa nguvu kabla oili haijafika nyuzi 50 za Selsiasi, na asubuhi za Januari hapa Texas hilo linataka subira. Nyingi ya ndege hizi gurudumu la pua linajizungukia lenyewe, hivyo unakata kona kwa breki ya kushoto au ya kulia. Fanya mazoezi hayo mahali peupe kabla hujaingia kwenye njia nyembamba.

Geji ya mizunguko nayo ina mtihani wake. Aliyezoea 172 amezoea kuona mizunguko 2,400 kwa dakika akiwa kwenye mwendo wa kawaida. Rotax ina giaboksi inayopunguza mizunguko kwa 2.43, kwa hiyo injini ikiwa 5,000 pangaboi inazunguka kama 2,060 tu. Yule mzee, tulipoanza kupanda, aliiona sindano imepita 5,000 na mkono wake ukavuta throtoli, ile ya kuongeza na kupunguza nguvu, nyuma wenyewe. Niliirudisha mbele. Injini hii ya nguvu za farasi 100 inaruhusiwa 5,800 kwa dakika 5, na 5,500 muda wote upendao. Kuipunguza nguvu ukiwa chini, karibu na miti, ndiko kwenye hatari.

Angani tunapanda juu vya kutosha kwanza. Mwendo wa taratibu, kona kali, kisha tunaliacha bawa likate unyanyuo, flapu juu na flapu chini, mpaka uujue mtikisiko wake kabla hujauona kwenye geji. Pua ya ndege hizi imeshuka sana mbele yako, na mtu anayetafuta picha ya 172 kiooni atainyanyua kupita kiasi bila kujua. Angalia kasi, uikariri picha mpya.

Kisha nakupunguzia nguvu ghafla, kana kwamba injini imezima. Cessna 172S inaruhusiwa kufika ratili 2,550, karibu mara mbili ya hii, na uzito huo unaisukuma mbele kidogo wakati bado unatafakari. Ndege nyepesi haikupi muda huo: kasi inayeyuka, lazima pua ishuke papo hapo. Zoezi hili nalirudia kuliko jingine lolote, kwa sababu ndilo ninaloliogopa zaidi kwa mtu aliyehama kutoka ndege nzito.

Kutua tunakuacha mwisho. Kosa la kawaida ni kuja na kasi ya 172, ndege ikaelea njia nzima. Ishike kasi ya kitabu, na upepo wa ubavuni ukiwa mkali kwako, ghairi, ongeza nguvu, uzunguke tena. Nataka nione umeghairi mwenyewe angalau mara moja bila mimi kusema neno.

Siku ya pili tunafanya mapitio: nakupa safari fupi, wewe unapanga kila kitu, nami nakaa kimya. Mapitio haya hayana kufeli. Nisiporidhika, naandika kwenye logibuku, daftari lako la safari za angani, kwamba ulipata mafunzo, tunapanga siku nyingine. Nikiridhika, naandika kwamba umekamilisha mapitio, tarehe, sahihi na namba yangu. Idhini ya kuikodi ndege ile ni karatasi nyingine, ya mwenye ndege na bima yake, kwa hiyo uliza mapema wanataka saa ngapi. Ikiwa ndege uliyochagua ina gurudumu la mkiani, kuna sahihi ya tatu chini ya kanuni 61.31, nayo huipati mpaka utue vizuri kwenye upepo wa ubavuni.

Ukishasainiwa, irushe mwenyewe ndani ya wiki ileile, kabla mikono haijarudi kwenye mazoea ya 172.