Novemba hii dhamini bata mzinga

Mlioko Marekani, kabla hamjaagiza bata mzinga wa Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani, kuna kitu kizuri mno cha kufanya, kumdhamini bata mmoja aliye hai. Farm Sanctuary, hifadhi ya wanyama wa shambani waliookolewa kule Watkins Glen, New York, wana mpango huo tangu 1986, unachangia mtandaoni unatumiwa cheti chenye picha ya bata wako, yeye anabaki kulekule na wadhamini wengine pia wanamchangia. Mfuko ukiruhusu ongezea kahela kadogo kila mwezi, maana hawa ndege wamezalishwa wawe na kifua kikubwa kupita kiasi, miguu inaelemewa, msosi lazima upimwe wasinenepe, daktari wa mifugo naye anahitajika sana, yaani mchango wa mara moja unaisha fasta jamani. Kama una mtoto, mwache achague yeye.